Siku niliyofundisha ndoo na ndama: shule yetu ya Sumbawanga ilivyopata wanafunzi wa kwanza

Wakuu, salaam. Wewe unayepita hapa na simu mkononi, tulia kidogo unisikilize, maana hii siyo ya kusoma huku unavuka barabara.

Naona msimu huu jukwaa limejaa wazazi wanaoulizana shule ipi nzuri, wapi wanafaulisha, wapi kuna basi la njano. Mimi nimefundisha sekondari karibu maisha yangu yote, sasa nimestaafu, nafuga kuku. Nimeona niwape kisa cha jinsi nilivyowahi kupewa kazi ya kuitambulisha shule kwa wazazi na wanafunzi watarajiwa.

Haya nitakayosema niliyaona kwa macho yangu, isipokuwa habari ya lori. Hiyo nilisimuliwa na waliokuwa kwenye matope. Majina ya watu nimebadilisha. Ndama hakuwa na jina.

Twende taratibu.

Ilikuwa Sumbawanga, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wenye umri wangu mnaikumbuka hali ilivyokuwa. Biashara zilikuwa zimefunguliwa. Mitumba imejaa sokoni, kila mtaa una duka, na matajiri wanapita vijijini na malori yao kununua mahindi, kazi ambayo zamani ilikuwa ya ushirika peke yake. Na watu walikuwa wameruhusiwa kujianzishia sekondari.

Basi wazee wa mtaa wetu wakajianzishia.

Jengo lilikuwa ghala la zamani la mahindi. Wakatoboa madirisha, wakapiga chokaa, wakalikata kwa kuta: darasa mbele, ofisi katikati, bweni nyuma. Harufu ya mahindi haikutoka. Ukiandika ubaoni, unamkuta fukusi anatembea juu ya jibu.

Kwa vijana ambao hamjui, niwaeleze shule yenyewe ilikuwa ya namna gani. Zamani sekondari nyingi zilikuwa na mchepuo wake: hii ya kilimo, ile ya ufundi, ile ya biashara. Sisi tulisema yetu itakuwa na vyote. Sayansi, sanaa, biashara, kilimo, useremala na sayansi kimu. Wavulana na wasichana pamoja. Wa kutwa na wa bweni. Walimu tulikuwa wachache mno, kwa hiyo mimi nilikuwa biolojia, biashara na kwaya.

Tatizo lilikuwa moja tu, ila lilikuwa kubwa. Kulikuwa na tajiri wa mahindi aliyelitaka lile jengo libaki ghala. Alikuwa amekwisha kununua kufuli, kubwa kama kiganja, na alikuwa akitembea nalo mfukoni.

Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa Mzee Sikazwe, Mfipa wa kuvaa makoti mawili, mtu wa maneno machache. Alikata shauri mbele ya wote.

"Jumatatu ya kufungua nitakuja. Nikikuta darasa limejaa, hii ni shule. Lisipojaa, ni ghala. Sitaki jengo la kufugia walimu wanaokunywa chai."

Hedmasta akanigeukia. "Wewe una sauti. Nenda kawaambie watu kuna shule."

Ndivyo nilivyopewa kazi ya promo, kabla hata neno hilo halijafika kwetu.

Nikaanzia kanisani, Jumapili baada ya misa. Nikasimama uwanjani nikaeleza michepuo yote sita. Baba mmoja akainua mkono, akauliza kwa upole, "Mwalimu, mtoto akiingizwa yote hayo, atabaki na nafasi ya katekisimu?" Nikamwambia nafasi ipo. Akaniangalia kama mtu anayeuziwa gunia lililolowa.

Nikaenda mnadani, kwenye ng'ombe. Huko nikakutana na Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia kwetu na mifugo yake. Boma lake lilikuwa ukingoni kabisa mwa uwanda, pale barabara ya Muze inapoanza kushuka bondeni. Nikamweleza shule kwa kirefu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umesema vizuri," akasema. "Sasa hao walimu wenyewe nitawaona lini?"

Kesho yake akaja shuleni na baiskeli. Akaomba walimu wote tujipange nje. Hedmasta, kwa kuwa tulihitaji wanafunzi, akakubali, na yeye mwenyewe akasimama mwanzo wa mstari.

Mzee Masanja akatuzunguka polepole.

"Tembea kidogo," akamwambia mwalimu wa hisabati. Akatembea. "Rudi." Akarudi. "Huyu ana miguu. Atafika mwisho wa mwaka."

Akasimama mbele ya mwalimu wa fizikia. "Huyu mbona amekonda?"

"Ndivyo nilivyoumbwa, mzee."

"Umewahi kukohoa kiangazi?"

"Hapana, mzee."

"Fungua mdomo."

Wakuu, alifungua. Mtu ana diploma yake ya ualimu, amefungua mdomo uwanjani anahesabiwa meno.

Mzee akaridhika. Akasema mwanawe Kulwa atakuja, ila huyo wa fizikia aongezewe maharage. Nikajifunza jambo hapo, nami ninawapa bure: mzazi yule alikuwa anaukagua mtaji wake kwa njia anayoijua. Hakuwa anatudharau.

Siku chache baadaye nikaenda mashineni. Niliambiwa ukitaka kuongea na akina mama wote wa mtaa kwa mpigo, nenda mashine ya kusaga. Nikakuta foleni ndefu kutoka mlangoni hadi barabarani, na ndani ya foleni hiyo watu wachache sana. Ndoo, madebe, mabeseni, sufuria, vyote vina mahindi au ulezi, vimejipanga. Mashine ilikuwa imekosa dizeli tangu juzi.

Nikaanza kueleza shule. Nilipofika kwenye sayansi kimu miguu ikachoka, nikaona ndoo ya bluu yenye mfuniko imara, nikakaa.

Foleni nzima ikanigeukia.

Mama mmoja akasema, "Mwalimu, umemkalia Mama Deo."

Nikaruka. Nikatazama chini. "Mama Deo yuko wapi?"

"Yuko msibani tangu juzi."

"Sasa nimemkaliaje?"

"Ndoo yake si iko hapa?"

Wakanieleza kwa huruma, kama mtu aliyekulia mbali. Ndoo ikishawekwa kwenye foleni, ni mtu. Foleni ikisogea, aliye nyuma anaisogeza. Hairukwi, haiondolewi, haikaliwi. Ina ukomo mmoja: zamu ikifika mbele ya mashine na mwenyewe hajatokea, inapitwa.

Nikaiomba radhi ndoo. Kweli kabisa. Nikasema, "Samahani, Mama Deo," nikasimama hadi mwisho wa maelezo.

Mama Deo mwenyewe nilimwona baadaye, alipokuja shuleni. Mkulima wa mahindi na ulezi, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani, sauti yake huhitaji kuitafuta. Habari ya kukaliwa alikuwa nayo tayari.

"Nasikia tumeshafahamiana," akasema. Halafu akaingia jikoni kwetu, akafunua sufuria, akanusa, akamwonyesha mpishi jinsi ya kuchagua maharage, akasema Deo ataletwa.

Kwa hiyo wakuu, kufikia wiki ya mwisho tulikuwa tumepata wa kutosha kujaza darasa. Mwalimu wa fizikia alikuwa hata ameanza kunenepa.

(Narudi, nilikwenda kufungia kuku.)

Sasa sikilizeni penye mtego. Watoto waliomaliza darasa la saba, mvua zikianza, wengi hushushwa bondeni kwa ndugu kusaidia mpunga, pande za Muze na Ilemba. Tulipanga lori liwachukue wote siku ya Jumapili, ili Jumatatu wawe madarasani.

Jumapili jioni ikaja taarifa kwa dereva wa gari dogo aliyepita kwa shida: lori limezama kwenye tope, kwenye kona za mlima, watoto wote wamehifadhiwa kwenye shule ya msingi iliyo chini hapo. Wazima, wanakula mahindi ya kuchoma, hawana wasiwasi wowote.

Wasiwasi wote ulikuwa kwetu. Mjini hakuwa amebaki hata mmoja wa kukalia dawati.

Hedmasta akaketi kwenye ngazi ya ofisi. Wazazi waliokuja kuuliza habari za watoto wakasimama mvuani. Nikaeleza hali ilivyo, kwamba kesho mwenyekiti anakuja, na hakuna wa kumwonyesha.

Mzee Masanja alikuwepo. Alikuwa amenunua ndama mnadani, amemshika kamba. Akauliza lori liko kona ipi. Akaambiwa.

"Hiyo iko chini ya boma langu. Nina maksai." Akanikabidhi kamba. "Huyu anamshikia Kulwa nafasi. Apewe maji." Akapanda baiskeli akaondoka zake.

Nikabaki na ndama. Lakini ile kauli, anamshikia nafasi, ikawaingia akina mama. Niliwaona wakitazamana.

Mama Deo akafunga kanga vizuri. "Sisi tuna nini nyumbani?" akauliza.

Nyumbani walikuwa na ndoo.

Jumatatu asubuhi darasa lilikuwa limejaa. Kila mahali pa kukaa mwanafunzi pana chombo. Ndoo ya bluu ya Mama Deo mbele, safu ya kati. Madebe ya mafuta yaliyokatwa. Beseni la maua. Sufuria iliyotoboka, ya binti aliyekuwa anakuja kutwa. Kikapu. Nyuma kabisa, amefungwa kwenye mguu wa dawati, ndama wa Mzee Masanja.

Dawati moja tu halikuwa na kitu. Lilikuwa chini ya bati linalovuja, na hakuna mama aliyekubali mwanawe ajae maji siku ya kwanza ya shule.

Mzee Sikazwe akaingia na makoti yake mawili. Nyuma yake tajiri, mkono mfukoni kwenye kufuli.

Mzee akatazama kwa muda mrefu. Wazazi walikuwa nje wamejaa kwenye madirisha.

"Mwalimu," akaniambia. "Hawa ni akina nani?"

"Kidato cha kwanza, mzee."

Tajiri akacheka sana. "Mzee Sikazwe, hivi ni vyombo. Hapa hakuna hata mtu mmoja."

"Wapo," sauti ya Mama Deo ikatoka dirishani. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Watoto wako njiani, lori limezama. Tumewawekea nafasi."

"Nafasi ya nini?" tajiri akasema. "Ona, hii ni tupu." Akainyooshea mkono ile ndoo ya bluu, aiinue.

"Usiiguse," Mzee Sikazwe akasema. "Hiyo ina mtu."

Alisema haraka, wakuu, kabla hajafikiri. Lilimtoka kama mtu anavyosema pole mwenzake anapojikwaa. Mzee yule alikuwa amesimama kwenye foleni ile ile ya mashine miaka yote ya maisha yake. Tajiri akarudisha mkono. Naye, nadhani, alikuwa na mke mwenye ndoo.

Mzee alipogundua alichosema akakohoa, akavuta kiti, akaketi nyuma karibu na ndama.

"Haya," akasema. "Lakini foleni ina sheria zote, siyo moja. Zamu ikifika mwenyewe hayupo, anapitwa. Zamu ya hapa ni kengele ya mwisho. Ikilia hizi ndoo bado ni ndoo, bwana huyu anafunga mlango." Akamwomba hedmasta nondo ya kugongea kengele, akailaza mapajani mwake. "Mwalimu, fundisha nione."

Kwa hiyo nikafundisha.

Niwaambie ukweli, nimewahi kufundisha madarasa magumu kuliko lile. Ndoo haziongei zenyewe kwa zenyewe. Hazichelewi kutoka mapumziko. Nikaanza na biolojia.

"Habari za asubuhi, darasa."

"Nzuri, mwalimuuu," madirisha yakajibu.

"Nani anaweza kutaja sehemu za mmea?"

"Ndoo ya bluu imenyoosha mkono," akasema Mama Deo.

"Ndiyo, ndoo ya bluu."

"Mizizi, shina, majani, na pale panapotoka hela."

Nikasema vizuri sana, wampigie makofi. Wakapiga.

Nikabandika ukutani chati ya mmeng'enyo wa chakula. Sikupima urefu wa kamba ya ndama. Alianza na mdomo, akashuka nayo hadi utumbo mwembamba. Mzee Sikazwe alikuwa jirani naye kabisa, akamwangalia akila, kisha akaniambia, "Huyu somo limemwingia."

Mvua ikazidi. Tajiri aliyekuwa amesimama mlangoni akalowa, akaingia, akatafuta pa kukaa. Palipokuwa wazi ni lile dawati linalovujiwa peke yake. Akakaa pembeni yake kidogo, bega moja linadondokewa.

Nikaingia somo la biashara. Huku masikio yangu yako barabarani. Hakuna lori.

Nikauliza, "Kwa nini mfanyabiashara ananunua mahindi mengi wakati wa mavuno, na kuyauza mvua zikianza?"

Akina mama madirishani wakaguna. Hilo liliwauma kidogo, maana wao ndio wauzaji wa wakati wa mavuno.

Tajiri akajizuia. Nilimwona anajizuia. Kisha akashindwa, akanyoosha kidole.

"Ndiyo, pale nyuma," nikasema.

Akaeleza. Akaeleza bei, akaeleza usafiri, akaeleza panya na fukusi, akasimama, akaja ubaoni, akachukua chaki. Akina mama wakaanza kumuuliza maswali makali kuhusu bei ya mwaka jana, naye akawa anajibu huku jasho linamtoka. Nikakaa pembeni. Ndilo somo bora la biashara lililowahi kufundishwa katika jengo lile, na sikulifundisha mimi.

Alipomaliza, vipindi vilikuwa vimekwisha. Hapakuwa na somo lingine kwenye ratiba.

Mzee Sikazwe akasimama na nondo mkononi. Akatazama nje, kwenye mvua. Akatazama zile ndoo. Hata ndama aliacha kutafuna. Mama Deo alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu," mzee akasema. "Ule mfano wako wa mwisho, wa mizani. Hukuumaliza."

Sikuwa nimetoa mfano wowote wa mizani.

"Umalize," akasema, akaketi. "Taratibu."

Nikatoa mfano wa mizani. Wakuu, niliutoa mfano ule kwa upana wote wa uwezo wangu. Nikaeleza mizani ya sokoni, mizani ya ushirika, mizani ya kliniki ya watoto. Nilipofika kwenye uwezekano wa kumpima ndama, tukasikia injini.

Lori lilikuja likiwa rangi moja na barabara. Walioliona linavyotoka kwenye tope wanasema Mzee Masanja alifunga maksai wake jozi kwa jozi, akaongea nao Kisukuma, na lori likapanda kona zile kama jembe la kukokotwa. Yeye alikuja amekaa mbele na dereva, baiskeli yake juu ya turubai.

Watoto wakaingia darasani na matope hadi magotini. Hakuna aliyewaelekeza pa kukaa. Kila mmoja alitafuta chombo cha nyumbani kwao, na nani asiyejua beseni la mama yake? Deo akaiona ndoo ya bluu, akaishusha chini, akakaa. Kulwa akamkuta ndama, akafungua kamba, akamwambia asante.

Mzee Sikazwe akawaangalia wote mpaka wa mwisho alipokaa. Ndipo akatoka nje, akagonga kengele mwenyewe, mara moja tu. Aliporudi alisema neno moja: "Shule."

Mama Deo hakushangilia. Aliweka kichwa kwenye mikono yake pale dirishani, akakaa hivyo kidogo, halafu akaniambia Deo asikae karibu na upepo.

Tajiri alikuwa wa mwisho kuondoka. Alisimama kwenye lile dawati linalovuja.

"Hiyo biashara," akaniuliza kwa sauti ndogo, "mnaanza nayo kidato cha kwanza?"

"Ndiyo."

"Na wasichana pia?"

"Wote."

Akatoa kufuli mfukoni, akaliweka juu ya dawati. "Hapa panavuja. Nitaleta bati."

Kufuli lile lilikaa pale mvuani mpaka binti yake alipokuja kuanza shule. Hakuna aliyeligusa. Ghala alilipata kwingine, na bati alileta.

Kuna mkuu hapo chini ameshauliza kama ndama alilipa ada. Hapana, ila chati tulimdai Kulwa, akatuchorea nyingine, nzuri kuliko ya kwanza. Mwingine anasema hii ni chai, kwamba nimeitunga. Ndugu yangu, muulize mtu yeyote wa kwetu kama ndoo kwenye foleni ni mtu, halafu urudi hapa.

Funzo nililolipata mimi ni kwamba shule haitambulishwi kwa kutaja michepuo. Nilitaja michepuo sita kila nilikokwenda na haikumleta mtu. Walikuja walipoachiwa kuikagua wenyewe: mmoja kwa meno ya walimu, mwingine kwa sufuria ya maharage. Mzazi, usione aibu kuuliza swali lako, hata likionekana la ajabu. Omba kuona jiko. Omba kukaa darasani kipindi kimoja. Mwambie mwalimu atembee kidogo.

Nanyi tuelezeni hapa chini, shule zenu zilianzaje, na siku ya kwanza mlimkuta nani amekushikieni nafasi. Ninasoma zote nikishamaliza kulisha kuku.

Na ukifika shule yoyote, ukakuta ndoo juu ya dawati, usiiguse. Kaa dawati linalofuata.